Cheti cha Nyumba na Ushahidi wa Hesabu

Mwanadamu hupenda ushahidi kuliko dai. Mwuza asali husema asali yake ni safi, lakini mnunuzi mwenye busara huonja kwanza ndipo atoe fedha. Mwuza nazi husema nazi zake zimekomaa, lakini mnunuzi huitikisa moja karibu na sikio akasikiliza maji yake. Hivyo ndivyo ilivyo katika mambo madogo. Katika mambo makubwa, ambayo ulimi hauwezi kuyaonja wala sikio kuyasikia, watu wamebuni cheti. Cheti ni neno la shahidi lililoandikwa na kutiwa muhuri. Walakini shahidi naye ana haki ya kuulizwa maswali, na asiyemwuliza maswali hana haki ya kulalamika akidanganyika.

Msomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya cheti cha namna moja: kile kinachotolewa kwa nyumba ili kuthibitisha kwamba haiidhuru nchi iliyosimama juu yake. Nyumba ya namna hiyo siku hizi huitwa jengo la kijani. Si lazima iwe imepakwa rangi ya kijani. Maana yake ni kuwa imejengwa na kutumiwa kwa namna inayohifadhi maji, nishati, miti na hewa. Nimeipita mara nyingi barabara ya ufuko wa Diani, na desturi yangu ni kusoma vibao vilivyopigwa penye malango na kumbi za kupokelea wageni. Vingine hutangaza shaba, vingine fedha, vingine dhahabu. Kila nisomapo kibao hujiuliza swali moja: Je, dhahabu hii ilipimwa kwa mizani gani?

Mizani ni nyingi. Hapa Kenya chama cha Ecotourism Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1996, kilianza mwaka 2002 kuzipima hoteli na kambi za wageni kwa daraja tatu: shaba, fedha na dhahabu. Uingereza ilitangulia mwaka 1990 kwa mpango uitwao BREEAM. Marekani ina mpango wa LEED, ambao hutoa alama zisizozidi 110: jengo lenye alama 40 hupata cheti, lenye 50 hupata fedha, lenye 60 dhahabu, na lenye 80 hupata platinamu. Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, lina mpango wa EDGE, unaotumika Kenya pia. Huo hudai jengo lipunguze walau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na athari ya vifaa vya kujengea.

Yamkini utaniuliza: Mambo haya yanamhusu nini kijana wa Msambweni au wa Ukunda ambaye hana hoteli? Yanamhusu sana, na nitakuonyesha kwa maji. Pwani ya Diani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo una matundu mengi mfano wa sifongo. Mvua inyeshapo hunywewa ardhini, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yapenyayo kutoka baharini, kwa kuwa matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Mashimo ya maji machafu yakijengwa ovyo, uchafu hupenya katika matundu yaleyale. Kwa hiyo mwenye hoteli yenye vyumba mia na mwenye kibanda cha makuti nyuma yake huteka katika mtungi mmoja. Mmoja akiteka bila kipimo, mwingine hunywa chumvi. Basi kibao kinachosema kwamba hoteli fulani inahifadhi maji si pambo la ukutani. Ni ahadi iliyotolewa kwa jirani, na jirani ana haki ya kujua kama inatimizwa.

Hali ni hiyohiyo kwa vifaa vya ujenzi. Majengo na kazi ya kuyajenga huleta yapata thuluthi moja ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati na kazi za viwanda duniani. Saruji peke yake huleta kama sehemu 7 au 8 katika kila 100 ya hewa hiyo itolewayo na wanadamu, kwa sababu mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa hiyo yenyewe, mbali na moshi wa kuni au makaa yanayoyachoma. Wazee wetu walijenga kwa fito, udongo na makuti. Waliojenga Msikiti wa Kongo, pale mdomoni mwa mto katika Diani, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na kazi yao imesimama karne nyingi. Wazee walijua kwamba nchi yetu iko karibu na nyuzi 4 kusini ya ikweta, ambapo jua hupita karibu na utosi. Ukuta wa mashariki hupigwa na jua asubuhi, ukuta wa magharibi hupigwa jioni, na nyumba inayoelekeza pande zake fupi huko hupata nafuu. Walijua pia kupisha upepo wa kusi na wa kaskazi upenye madirishani.

Hata hivyo sitaki tuyasifu ya kale kwa kuwa ni ya kale tu. Makuti huoza, hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na huogopa moto. Boriti hutoka katika mikoko, na mikoko ina kikomo. Kupenda hakutoshi katika jambo hili, na kuchukia hakutoshi. Linalotosha ni kupima. Tundika vipimajoto viwili, kimoja katika chumba kilichoezekwa makuti na kingine katika chumba kilichoezekwa mabati, uvisome kila saa kwa juma moja, uandike. Mwisho wa juma utakuwa na hoja ambayo mzee hawezi kuikataa kwa ukali wake wala kijana kwa wingi wa maneno yake.

Basi na tuingie katika hesabu yenyewe. Nitakupa mfano wa kubuni, ili tusimsingizie mtu. Tuseme kuna hoteli ambayo mwezi wa Januari, msimu wa wageni wengi, ilitumia lita 1,200,000 za maji. Mwezi wa Mei, msimu wa mvua na wageni wachache, ilitumia lita 600,000. Meneja anafurahi na kuandika katika ripoti yake kwamba matumizi ya maji yamepungua kwa nusu. Je, amesema uongo? La, hakusema uongo. Lakini hakusema kweli yote.

Tuulize walikuwapo wageni wangapi. Wenye hoteli huhesabu kwa usiku: mgeni mmoja akilala usiku mmoja ni hesabu moja. Tuseme Januari hesabu hiyo ilikuwa 2,000, na Mei ilikuwa 500. Gawanya. Januari kila mgeni kwa usiku mmoja alikuwa na lita 600. Mei kila mgeni alikuwa na lita 1,200. Ghafla yale yaliyopungua kwa nusu yameongezeka maradufu! Tarakimu hazikubadilika hata moja. Lililobadilika ni swali. Jifunze hapa jambo la kwanza: jumla isiyo na kigawanyo ni mlango usio na nyumba.

Walakini usikimbilie kuwalaumu wageni wa Mei kwamba ni waharibifu. Endelea na hesabu. Kati ya Januari na Mei wageni walipungua 1,500, na maji yakapungua lita 600,000. Maana yake, kila mgeni aliyeondoka aliondoka na lita 400. Kama kila mgeni hutumia lita 400, basi wageni 2,000 wa Januari walitumia lita 800,000, na wale 500 wa Mei walitumia lita 200,000. Toa katika jumla za miezi hiyo, utaona kuwa kila mwezi zinabaki lita 400,000 ambazo hazikutumiwa na mgeni yeyote. Zimekwenda wapi? Labda katika bwawa la kuogelea. Labda katika bustani. Lakini Mei mvua hunyesha Kwale, na bustani hunyweshwa na mbingu. Basi shaka huanza kuelekea kwenye mabomba yaliyopasuka chini ya ardhi, yanayotiririka usiku na mchana, haba na haba, bila mtu kuyasikia. Mimi husema kwamba hapo ndipo hesabu hufanana na tabibu: haikuona kidonda, lakini imesema kiguswe wapi.

Miezi miwili haitoshi kutoa hukumu, nami nimeitumia ili mfano uwe mwepesi. Mwenye bidii atakusanya miezi 12 au 24, atachora grafu, wageni chini na maji ubavuni, kisha atapitisha mstari katikati ya nukta. Mahali mstari unapoukata ubavu wa grafu ndipo penye maji yasiyo na mgeni. Kazi hii haitaki mashine kubwa. Hutaka mita ya maji inayofanya kazi, daftari, na mtu asiyeona haya kuandika tarakimu inayomwaibisha.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Marekani. Mwaka 2008 taasisi iitwayo New Buildings Institute ilitangaza kuwa imechunguza majengo yenye cheti cha LEED, ikaona kwamba kwa kawaida yalitumia nishati pungufu ya majengo mengine kwa yapata robo. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Lakini wataalamu wengine waliomba tarakimu zenyewe, wakazipitia upya. Hebu tazama waliyoyaona. Majengo yaliyokuwa yamepata cheti hadi wakati uliochunguzwa yalikuwa 552, na waliotoa habari za matumizi yao walikuwa wenye majengo 121 tu, kwa hiari yao. Wale zaidi ya 400 walionyamaza walikuwa na siri gani, au walikuwa wavivu tu? Hakuna hesabu iwezayo kujibu kwa niaba ya aliyenyamaza.

Mwaka 2009 watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walitoa majibu yao. Walikubali kwamba kwa wastani majengo yenye cheti yalitumia nishati pungufu kwa asilimia 18 hadi 39 kwa kila kipimo cha sakafu. Lakini waliongeza jambo la pili: kati ya asilimia 28 na 35 ya majengo hayohayo yalitumia nishati nyingi kuliko wenzao wasio na cheti. Na jambo la tatu lilikuwa zito zaidi: daraja ya cheti, iwe fedha au dhahabu, haikuwa na uhusiano mkubwa na nishati iliyopimwa kwa mita. Mwaka huohuo mwanafizikia John Scofield wa chuo cha Oberlin alizihesabu tarakimu kwa namna nyingine. Aliyapa majengo makubwa uzito unaolingana na ukubwa wao, akahesabu pia nishati inayopotea katika mitambo ya kuzalisha umeme kabla haujafika nyumbani. Alipofanya hivyo hakuona nafuu yoyote ya maana.

Watu wawili walisoma daftari moja, mmoja akasema ndiyo, lakini. Mwingine akasema la. Usidhani kwamba mmoja wao ni mwongo. Kila mmoja aliuliza swali lake. Mmoja aliuliza: Jengo la kawaida lina hali gani? Mwingine aliuliza: Majengo yote pamoja yameokoa kiasi gani? Wastani wa hesabu ya kwanza hulihesabu jengo dogo sawa na jengo kubwa, kama kupima mtumbwi na jahazi kuwa vyombo viwili tu. Msomaji, ukisikia neno wastani, uliza mara moja: Wastani wa nini, na nani ameachwa nje?

Lipo swali jingine ambalo ni lazima tuliulize: Pungufu kuliko nini? EDGE ikisema jengo limepunguza asilimia 20, hulinganisha na jengo la mfano la aina ileile katika nchi ileile, na hesabu hufanywa kwa programu ya kompyuta kutokana na michoro na vifaa. Si vibaya, maana kila pungufu hutaka kitu cha kulinganishia. Lakini fikiri: hoteli yenye viyoyozi chumba kwa chumba ikipunguza moja ya tano, huenda bado ikatumia nishati mara nyingi kuliko nyumba ya Mwabungo isiyo na kiyoyozi hata kimoja. Nyumba hiyo haitapata cheti kamwe, kwa sababu mwenyewe hakuomba, wala hana ada ya kuombea. Basi kukosa cheti si ushahidi wa uharibifu.

Tena mizani iliyotengenezwa mahali pamoja haipimi sawa mahali pengine. Nchi inayopata umeme wake kwa kuchoma makaa ya mawe huokoa hewa nyingi kwa kuzima taa moja. Kenya hupata yapata sehemu tisa katika kumi za umeme wake kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa sababu hiyo, katika Diani kuokoa umeme wa gridi ni jambo jema, lakini kuokoa maji ya kisima, kupunguza saruji, kuzima jenereta ya dizeli na kusafisha maji machafu yaweza kuwa jema zaidi. Mpango wa alama unaweza kumpa mtu alama kwa mahali pa kuegeshea baiskeli, na mwingine alama kwa kusafisha maji yake, kisha jumla zao zikalingana. Jumla zimelingana, lakini kisima cha jirani kinajua tofauti.

Nisije nikakufanya uvidharau vyeti vyote, nitakupeleka Gazi, katika Msambweni. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa sana kwa ajili ya boriti na kwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Tazama jinsi nyumba ilivyokula msitu! Baadaye watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na wenyeji walipanda upya. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vimekuwa na mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 za msitu na kuuza hati za hewa ya ukaa, yapata tani 3,000 kwa mwaka, chini ya cheti cha Plan Vivo. Mapato yametumika kwa maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Ninachokipenda Gazi ni kwamba cheti kina miguu. Yako maeneo yaliyowekewa alama msituni. Watu huingia matopeni, wakapima unene wa shina la mkoko, la mchu na la mkandaa, wakaandika. Kisha hurudi wakapima miti ileile tena. Kutokana na unene na kimo hukadiriwa uzito wa mti, na kutokana na uzito hukadiriwa hewa iliyohifadhiwa. Mtu mwenye shaka anaweza kuonyeshwa mti. Lau kila cheti cha nyumba kingekuwa hivyo, kila mwaka kikaonyesha mita yake mbele ya watu, maswali yangu yangepungua.

Sasa nawe una kazi. Shule yako ina tangi, ina bomba, ina mita ya umeme. Soma mita siku ya Ijumaa jioni shule ikifungwa, uisome tena Jumatatu alfajiri kabla ya mtu kufungua bomba. Tofauti utakayoiona ni mali iliyopotea watu wakiwa wamelala. Gawanya matumizi ya juma kwa idadi ya wanafunzi. Linganisha mwezi na mwezi, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na uwape walimu jedwali badala ya lalamiko. Kijana ajuaye kufanya hivyo atahitajiwa na hoteli, na kaunti, na kijiji chake, maana mitambo ya kukusanya tarakimu inaongezeka kila mwaka, ilhali watu wa kuziuliza maswali bado ni wachache.

Kumbuka pia kwamba hesabu ina mpaka. Mita ya maji haisemi kama mvuvi bado ana njia ya kufikia ufuko. Kipimajoto hakisemi kama mpishi analipwa haki yake. Asiyepima kitu asidai kukijua, lakini aliyepima kitu kimoja asidai kujua vyote. Cheti chema hutaja kilichopimwa, hutaja kisichopimwa, na hutaja tarehe. Maana nyumba iliyokuwa njema mwaka 2015 yaweza kuwa imepasuka mabomba leo.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kibao cha dhahabu ni mlango. Tarakimu za mita ndizo vyumba vya ndani. Anayekuzuia usiingie, mwombe kwa adabu akufungulie. Akikataa, adabu yako isikuzuie kuandika kwamba amekataa. Na siku utakapojenga yako, iwe ya makuti au ya mawe, weka daftari karibu na mita, na uliache wazi ili jirani alisome.